Aliyeguswa Husema Mwenyewe

Ndugu, jamaa, marafiki, majirani, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kusimama nasi asubuhi hii, familia imempa shemeji wa marehemu kazi ya kuisoma historia hii, kwa sababu wenye haki nayo zaidi, yaani mume wake na watoto wake, sauti zao leo haziwatoshi, na kwa sababu marehemu mwenyewe aliagiza hivyo akiwa mzima na akicheka, akisema siku yake ikifika asome shemeji, maana shemeji hawezi kumsifu mtu bila kumchokoza kidogo. Jina alilopewa na wazazi wake limeandikwa pale mbele, mwenye macho atalisoma, lakini hapa tutamwita Sindano, kama alivyoitwa kazini, ukumbini na dukani, kwa kuwa tukilitaja lile jingine nusu yenu mtaanza kunong'onezana kwamba mmekosea msiba.

Sindano alizaliwa tarehe 9 Agosti 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa mkata tiketi na mshona mapazia, na mama yake alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu hakuwahi kulala akatulia, hata usingizini vidole vilitafuta ncha ya shuka na kuikunja, kuikunja, kana kwamba shuka limeletwa kutiwa pindo. Hilo la vidole mliweke akilini, tutalirudia.

Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya reli kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, akaendelea na sekondari kuanzia 1972 hadi 1975, ambako alisifika kwa hisabati na kwa kuchelewa, kisha akaingia chuo cha ufundi mwaka 1976, akahitimu ushonaji mwishoni mwa 1977 kwa alama za juu, na tarehe 3 Januari 1978 akaajiriwa katika karakana ya kushona sare za hospitali, kile chumba kirefu chenye madirisha upande mmoja tu, cherehani zimepangwa mistari miwili, vumbi la pamba likielea mchana kutwa. Alianza na kola, akapandishwa kuwa mkata vitambaa, akaishia kuwa msimamizi wa karakana nzima hadi alipostaafu tarehe 31 Julai 2013, na wauguzi mliopo hapa mnajua kwamba gauni likiwabana kwapani hamkulaumu kitambaa, mlikwenda kwa Sindano, akawatazama mara moja na kuwaambia mmenenepa.

Mwaka 1979 aliingia pale karakana mwalimu wa michezo wa shule ya jirani, mtu mrefu aliyejifunza mchezo wa upanga ughaibuni, ambaye wote tulimwita Kocha, Mungu amrehemu naye, akitafuta fundi wa kumshonea makoti mazito ambayo ncha ya upanga haitayapenya. Wenzake Sindano walidhani anasema panga la kufyekea nyasi, wakamwonyesha mlango, lakini Sindano akamvuta pembeni, akauliza maswali, akashona koti la kwanza kwa turubai la kukunja mara tatu, kisha akakataa katakata kulitoa kabla halijajaribiwa, akalivaa yeye, akasimama katikati ya cherehani na kumwambia Kocha achome. Kocha akachoma, koti likahimili, na Sindano akasema haya, sasa ni zamu yake kuchoma. Kocha ndiye aliyempa jina, akidai kwamba mwanamke huyu ncha yake inapita panapopita uzi, na tangu hapo kila Jumamosi ukimtaka ulimkuta katika ukumbi wa ile shule, nyuso zimefunikwa vinyago vya wavu, viatu vikilia sakafuni.

Klabu ile haikuwa na mitambo inayowaka taa mtu akiguswa, ilikuwa na macho ya mwamuzi tu, na macho ya mwamuzi ni ya binadamu, kwa hiyo Kocha aliweka sharti moja lisilo na mjadala, kwamba aliyeguswa husema mwenyewe. Anainua mkono usio na upanga, anasema "Nimeguswa", hata kama mwamuzi hakuona, hata kama ni pointi ya mwisho na kombe liko mezani. Neno hilo Sindano alilichukua akaenda nalo nyumbani, akalipika, akalila, akalilalia. Akishindwa hoja mezani, jambo ambalo halikutokea kila mwezi, alinyanyua mkono wa kushoto na kusema nimeguswa, mazungumzo yakaishia hapo, na sisi tuliozoea nyumba ambazo mtu aliyekosea huongeza sauti tulibaki tunatazamana.

Tarehe 12 Juni 1982 aliolewa na kaka yetu, Fundi Saa, ambaye alikuwa amekuja karakana kutengeneza saa ya ukutani iliyokuwa ikichelewa, na ambaye kwa maelezo yake mwenyewe aliitengeneza siku ya kwanza, ila alirudi siku nyingine kadhaa kuhakikisha. Mungu aliwajalia watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 23 Februari 1984, ambaye leo ndiye mwalimu wa klabu ya upanga, na mwana aliyezaliwa tarehe 5 Oktoba 1987, ambaye ni mwokaji mikate, hajawahi kushika upanga maishani mwake na hana mpango huo.

Sasa tufike mahali ambapo Sindano alikuwa akiinamisha kichwa na kucheka kwa aibu. Jioni ya tarehe 17 Novemba 1988, akitoka kazini, mtu aliukamata mkoba wake barabarani, naye Sindano, badala ya kupiga kelele au kuuachia, alirudi hatua moja, akakunja magoti kama alivyofunzwa, akanyoosha mwavuli wake na kumgusa yule mtu katikati ya kifua, pointi safi kabisa, kisha akasimama akisubiri. Alikuwa anasubiri nini? Alikuwa anasubiri mwenzake akiri, kwa kuwa katika mchezo wake mtu akiguswa watu husimama, na yule hakusimama, alimnyang'anya mwavuli wenyewe akampiga nao, na lile kovu la juu ya nyusi mliloliona miaka yote lilitoka hapo. Alipopona alisema Kocha amemfundisha mchezo wenye salamu, na barabarani hakuna anayekusalimu kwanza, akamtafuta bibi mmoja, askari magereza mstaafu, akajifunza kwake kujihami, na kuanzia mwaka 1990 akawa anawafundisha wanawake wenzake kila Jumatano baada ya kazi, ndani ya kantini, viti vimepandishwa juu ya meza. Somo la kwanza halikuwa ngumi, lilikuwa sauti, yaani kusema "Toka!" kutoka tumboni, na meneja wa wakati ule, aliyesikia neno hilo likitoka katika vifua vya washonaji wote kwa pamoja, alikusanya karatasi zake akaondoka kwa mlango wa nyuma. Somo la pili lilikuwa kuondoka. Aliwakanya wasibaki kupigania mkoba, akawaambia kukimbia si woga, kwa mwoga huenda kicheko, na wapo hapa leo wanawake waliofika nyumbani salama kwa sababu walilikumbuka somo hilo.

Yoga ilikuja mwaka 1996, na ililetwa na mgongo. Aliinamia cherehani mchana na kuinamia upanga Jumamosi mpaka mgongo ukagoma, daktari akamwelekeza kwa mkunga mstaafu aliyekuwa akifundisha yoga katika ukumbi wa juu wa maktaba, na wapo waliosema hiyo ni dini ya watu, naye akawajibu kwamba hakuna dini pale, kuna mgongo tu. Alijifunza kupumua, kusimama kwa mguu mmoja, kukunjika na kukunjuka, vyote akavimudu isipokuwa kimoja, ule mkao wa mwishoni wanaouita mkao wa maiti, ambao kazi yake yote ni kulala chali na kutofanya lolote. Mkunga alimwambia mara nyingi kwamba maiti gani hii inayofungua jicho moja kuangalia dirishani na kukunja ncha ya mkeka kwa vidole, Sindano akafumba jicho na vidole vikaendelea.

Watu walimuuliza mambo haya matatu yanakaaje katika mwili wa mke wa mtu, mwenye kazi na watoto, na alikuwa na jibu alilolirudia hadi sisi wa nyumbani tukalichoka, kwamba upanga unamfundisha kusogea, kujihami kunamfundisha kuondoka, na yoga inamfundisha kubaki, na kazi ya siku nzima ni kujua sasa ni lipi kati ya hayo. Msidhani alikuwa mtakatifu. Alikuwa na hasira za karibu, alichoma wali akiwa amesimama kwa mguu mmoja mbele ya jiko, mwaka mzima wa 1999 alisahau yoga akawa mchungu kama shubiri, na Fundi Saa ndiye aliyeutandika ule mkeka kati ya kitanda na cherehani, akamwonyesha kwa kidole. Lakini tulimwona pia akigombana na mumewe, akarudi nyuma mpaka nafasi kati yao ikawa ya urefu wa mkono na upanga, akapumua, akaamua, na mara nyingi aliamua kusogea.

Tarehe 6 Septemba 1997 binti yake, akiwa na umri wa miaka kumi na mitatu, alicheza fainali ya vijana. Pointi zilikuwa sawa, ncha ya mpinzani ikamgusa begani, mwamuzi hakuona, ukumbi haukuona, mama yake aliona. Alikaa tu kwenye benchi na kumtazama, akamtazama, mpaka mtoto akainua mkono wa kushoto na kupoteza kombe huku machozi yakishuka ndani ya kinyago. Mchelea mwana kulia hulia yeye, alisema Sindano njiani, na binti hakumjibu, na hakumjibu tena kwa wiki nzima, lakini baada ya hapo hajawahi kungoja kutazamwa. Tunalieleza hili kwa kirefu kwa sababu deni la siku ile lilirudi kumtafuta mama mwenyewe.

Miezi michache baada ya kustaafu, Jumamosi moja mwanzoni mwa 2014, Sindano na binti yake walikuwa wakicheza, na ncha ya upanga wa mama ikaanza kutetemeka, binti akaifuata kwa macho, na macho yakiwa huko akachomwa kifuani. Binti akakiri kama kawaida, akavua kinyago akicheka, akauliza danganya toto hiyo mama kaitoa wapi, na mama akajibu kwamba hiyo ni ya uzeeni. Hakudanganya, na hakusema kweli. Mwezi Septemba mwaka huohuo alikwenda peke yake kwa daktari, katika hospitali aliyoishonea maisha yake yote, akaambiwa ana maradhi ya kutetemeka yanayoitwa Parkinson, yasiyopona, akarudi nyumbani akapika, akala, akanyamaza.

Kwa nini alinyamaza, yeye wa kunyanyua mkono? Aliogopa. Alikuja kutuambia wazi kwamba aliogopa kunyang'anywa upanga, na zaidi aliogopa Jumatano, maana ni mwanamke gani atajifunza kumsukuma jambazi kwa mtu asiyeweza kushika kikombe cha chai? Wakati huo binti alikuwa ameichukua ile danganya toto, akaifanyia mazoezi mbele ya kioo, mwezi Julai 2015 akaenda nayo kwenye mashindano ya vilabu, wapinzani wakakodoa macho kwenye ncha inayotikisika, akawachoma mmoja mmoja, akarudi na kombe, akaliweka juu ya kabati la mama yake. Kila asubuhi Sindano aliamka akautazama ugonjwa wake umepakwa rangi ya dhahabu.

Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, lakini kabla ya kifo huumbuliwa na walio karibu. Mkunga alijua, kwa sababu katika mkao wa maiti mkono wa kulia ulikuwa ukipiga mkeka, na huko si kukunja ncha, akamwambia faragha kwamba katika miaka yake yote ya kuzalisha hajaona mwanamke aliyeweza kuficha tumbo likapita muda wake. Fundi Saa naye alijua. Aliona mkewe anashindwa kutunga uzi kwenye tundu la sindano, anajaribu, anaweka chini, anajifanya kutafuta miwani, na asubuhi iliyofuata, kabla hajaenda dukani kwake, akavaa lenzi yake ya jichoni, akatunga sindano kadhaa kwa rangi mbalimbali, akazichomeka kwenye kile kimto chekundu kando ya cherehani, akaondoka. Hakuuliza, hakuulizwa, na kila asubuhi akafanya hivyo.

Tarehe 21 Mei 2016, siku ya Jumamosi, Sindano aliingia ukumbini akakuta watoto wa klabu wamesimama mstari mmoja, mapanga yamenyooshwa, na binti yake anapita nyuma yao akiwaambia walegeze kiwiko, watikise ncha, hivyo hivyo, kama bibi. Wote walikuwa wanatetemeka. Binti alipomwona mama akafurahi, akamwita mbele awaonyeshe mwenye mtindo wake, na Sindano akaenda, akashika upanga, ncha ikatikisika vizuri kuliko za wote, watoto wakapiga makofi. Akaushusha. Akainua mkono wa kushoto.

"Nimeguswa," alisema.

Watoto wakageuka kumtafuta aliyemgusa, kwa kuwa hakukuwa na mtu mbele yake. Akawaambia, "Hii siyo danganya toto. Mkono wangu ni mgonjwa, unatetemeka wenyewe, na mimi nimenyamaza nikiwaona mnaiga ugonjwa."

Binti aliuliza kwa sauti ya chini ni tangu lini, mama akajibu kwamba ni tangu kabla ya kombe, na binti akaweka upanga chini akatoka nje. Sindano hakumfuata. Alibaki pale katikati ya ukumbi na mkono wake, mbele ya watoto wasiojua wakae au wasimame, na alisema baadaye kwamba hapo ndipo alipojua kama miaka ya yoga ilikuwa ya mgongo tu au ilikuwa ya kitu kingine. Binti alirudi macho yamevimba, akaokota upanga wake, akasimama mahali pa kuanzia, akampa mama yake salamu ya mchezo, ncha juu, ncha chini, kama Kocha alivyowafundisha wote wawili.

"Basi tuanze upya, mama," alisema.

Wakaanza upya. Mtindo ule ulifutwa, kombe halikurudishwa, kwa kuwa waliochomwa walichomwa kweli, na Sindano aliendelea na mambo yake matatu kwa kadiri mwili ulivyokubali. Jumamosi alikaa kwenye benchi akiwatazama watoto mpaka wakiri, yoga aliifanya kitini, na Jumatano, ambayo ndiyo aliyoihofia, haikumkimbia mtu. Ugonjwa ulipoanza kumla sauti ikabaki kama ya mtu anayeongea nyuma ya pazia, alifungua kinywa kusema "Toka", na wanawake wote wakaisema kwa niaba yake mpaka sufuria za kantini zikalia. Aliyewafundisha watu kusimama kwa mguu mmoja hakuweza tena kusimama kwa miwili bila mkono wa mtu, na mkono huo aliukubali, ingawa mwanzoni kwa kununa.

Mwezi Januari 2024 alianguka bafuni, akadhoofika, na tarehe 2 Machi alilazwa kwa homa ya mapafu, akihudumiwa na wauguzi ambao sare zao bado zinakatwa kwa vielelezo vyake, na alimwambia mmoja wao, kwa ile sauti yake ya nyuma ya pazia, kwamba kola imekaa upande. Alifariki Jumatatu, tarehe 11 Machi 2024, saa nne asubuhi, mkono wa kulia ukiwa ndani ya mkono wa mumewe, na Fundi Saa ndiye aliyegundua kwanza, akamtazama binti yake na kusema tu kwamba mkono umetulia. Mkunga alikuja na fimbo yake, akasimama kando ya kitanda, akavitazama vile vidole visivyokunja kitu, akasema leo mwanafunzi wake ameupata ule mkao, na akaomba kiti.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, wajukuu, na wanawake wa Jumatano ambao hatuwezi kuwahesabu. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompokea kama mtu wa kwao, majirani waliofungua milango na majiko yao tangu Jumatatu, wafanyakazi wenzake wa karakana walioshona shuka lililomfunika na kulitia pindo kwa mkono, Mkunga, wanafunzi wa klabu, na kila mmoja wenu ambaye jina lake limetuponyoka kwa uchovu. Pia tungependa mjue kwamba leo asubuhi, kabla hatujatoka nyumbani, tulimkuta kaka yetu amekaa kando ya cherehani na lenzi jichoni, anatunga uzi, na sindano zote zilikuwa tayari kwenye kimto.

Shemeji, umetuachia sharti moja tu, nasi leo hatutangoja mwamuzi wala hatutangoja ututazame kutoka kwenye benchi. Mkono wetu wa kushoto uko juu. Tumeguswa.

Pumzika kwa amani, Sindano, na safari hii fumba macho yote mawili.